Boti Iko Tayari

Wanangu, mliobaki na funguo za chumba cha seva, mara tatu mmenitumia ujumbe mkitaka niwaandikie jinsi mtambo wetu wa mazungumzo ulivyowekwa. Maelekezo yamo katika daftari la jalada la buluu, kwenye rafu, nyuma ya feni. Yafuateni kama yalivyo. Hapa nataka kuwaandikia yale ambayo hayakuingia daftarini, kwa sababu nilipokuwa nikiliandika nilikuwa bado naona haya.

Kazi yangu miaka yote ilikuwa moja: muuguzi aliyekaa peke yake katika zahanati ya kisiwani akisema neno, mtu wa Lamu alisikie. Nilianza na redio, ile ya kubonyeza kitufe ndipo useme, nikamaliza na kompyuta. Mtaani mpaka leo naitwa Bi Esha wa Redio, ingawa redio ya mwisho niliizima kwa mkono wangu mwenyewe nikaifunika kanga.

Redio nilifundishwa na Bwana Shee. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia iliyonyooka daima, na sikio lake la kulia lilikuwa limelala kidogo kwa kuegemea kisanduku cha sauti miaka nenda miaka rudi. Sheria yake ilikuwa moja tu: anayepokea ujumbe anaurudia. Zahanati ya Kiunga wakisema wanataka chupa sita za maji ya dripu, yeye hurudia, "Kiunga, chupa sita, maji ya dripu. Ndivyo?" na hashiki kalamu mpaka aambiwe ndivyo.

Mimi nilikuwa kijana na niliona huko ni kupoteza muda. Wiki yangu ya pili, Kiunga waliomba sindano, mimi nikasikia sabuni. Redio ilikuwa inakoroma kama mtu mwenye mafua. Chombo kikaondoka na katoni mbili za sabuni, kikasafiri siku nzima mpaka kaskazini kule. Jibu liliporudi Bwana Shee hakunigombeza. Alikunywa chai yake, akasema, "Haya. Watu wa Kiunga watakuwa wagonjwa, lakini safi." Kisha akaniuliza, "Ulirudia?"

"Sikurudia, Bwana Shee."

"Basi hukusikia. Ulibahatisha."

Nilicheka siku ile, na nikaendelea kuisimulia miaka mingi kama kichekesho cha sabuni.

Sasa njooni kwenye mtambo. Najua mmejiuliza kwa nini tulijenga kitu chetu wakati kila mtu ana simu mfukoni. Sababu ni kwamba mtandao wa nje ukikatika, zile programu za simu mnazozipenda hukatika nazo, hata kama unayetaka kuzungumza naye yuko ng'ambo ya mlango wa bahari na unaliona paa lake. Maneno yenu yanakwenda nchi za watu kwanza, ndipo yarudi kisiwa cha pili. Sisi tulikuwa na antena zetu wenyewe, zikitupiana mawimbi kutoka paa hadi paa, na Kiunga tuliifikia kwa kuruka vituo viwili. Njia ilikuwepo. Kilichokosekana ni kitu cha kupitisha juu yake, chepesi, kisichohitaji ulimwengu mzima kuwa macho.

Nilichagua mtindo wa zamani wa mazungumzo unaoitwa IRC, mkongwe kuliko wengi wenu. Programu zake ni huria: aliyezitunga ameyaacha maandishi yake wazi, kila mtu ayasome, ayabadilishe, ayagawe. Nilizichagua ndogo kuliko zote. Seva niliiweka katika kompyuta isiyozidi ukubwa wa sahani ya kahawa. Programu ya mtumiaji ilikuwa ndogo hivi kwamba haina hata dirisha. Kila chumba cha mazungumzo inakitengenezea folda, na ndani ya folda mna faili mbili: moja unaandika, ya pili unasoma. Basi. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani imeharibika. Baadaye nilielewa kwamba kitu chenye faili mbili hakina mengi ya kuharibika, na kikiharibika unaona palipoharibika. Wauguzi niliwawekea kioo rahisi juu yake: mistari ya maneno juu, mahali pa kuandika chini.

Na kwa kuwa mazungumzo ni faili tu, roboti, yaani programu inayoandika chumbani yenyewe, nayo ni kazi ndogo. Unaandika mistari michache inayosoma faili ya pili na kuandika katika ya kwanza. Seva haijui kama aliyemo chumbani ni binadamu au mashini. Anayo jina, anaandika, yatosha. Kumbukeni hilo, kwamba seva haijui, kwa maana mimi sikulifikiria vya kutosha.

Roboti yangu ya kwanza ilikuwa inatupwa nje kila baada ya dakika chache. Nilibadilisha waya, nikabadilisha betri, nikamsingizia fundi wa umeme. Siku ya tatu ndipo nikasoma maelezo mpaka mwisho. Seva ina tabia ya mlinzi: kila baada ya muda inamuuliza kila aliyemo, "Ping", naye lazima ajibu "Pong", maana yake nipo. Asiyejibu anahesabiwa amekufa, anatolewa. Roboti yangu ilikuwa inaulizwa kila siku kama ipo, nayo inanyamaza kama bibi harusi. Mstari mmoja ukaiponya. Someni maelezo mpaka mwisho, wanangu, na mwacheni fundi wa umeme.

Kipungani ilikuwa na matatizo yake mawili. La kwanza, kila siku alasiri mawasiliano yanakufa kama dakika kumi, kisha yanarudi. Nilikwenda nikakaa siku nzima barazani na akina mama wanaosuka mikeka, macho yangu kwenye nguzo ya antena. Saa kumi barabara akaja punda, akaegemea nguzo, akajikuna ubavu mmoja, akageuka, akajikuna wa pili, akaenda zake. Mama mmoja akaniambia bila kuinua macho kwenye ukili wake, "Huyu ni kila siku." Nikamuuliza mbona hawakusema. "Hukuuliza habari za punda, Bi Esha. Uliuliza habari za umeme."

La pili lilikuwa Bwana Kupi, mhudumu wa zahanati ya pale, mtu wa adabu sana. Mstari mmoja wa IRC una kikomo cha herufi, ukizidi unakatwa. Bwana Kupi alianza kila ujumbe kwa salamu kamili, warahmatullahi wabarakatuh, kisha habari za asubuhi, habari za watoto, habari za Bwana Shee na miguu yake, na sisi huku hatujambo alhamdulillahi, na baada ya salamu naomba, hapo mstari umekatika. Wiki nzima tulijua kwamba Kipungani ni wazima na kwamba wanaomba. Hatukujua wanaomba nini. Nilipomwambia afupishe alinijibu, "Siwezi kuingia nyumba ya mtu bila kupiga hodi." Tukakubaliana: salamu mstari wake, haja mstari wake. Mpaka anastaafu hakuacha.

Bwana Shee nilimleta auone mtambo ulipokamilika. Alikuwa amekwisha kustaafu, anatembea kwa mkongojo. Nilimkalisha mbele ya kioo, nikamwonyesha Kiunga wakiandika, Mtangawanda wakijibu, roboti ikitangaza saa za maji kujaa na kupwa. Alitazama muda mrefu.

"Na nani arudiao?" akauliza.

"Maandishi hayahitaji kurudiwa, Bwana Shee. Yanaonekana. Hakuna tena sabuni na sindano."

"Kuonekana ni jambo moya," akasema, "kufahamika ni jambo la pili."

Nilimpa kahawa, nikabadilisha mazungumzo. Alifariki kabla ya siku ninayotaka kuwaeleza, na sijui hadi leo kama namshukuru Mungu kwa hilo au la.

Roboti niliipa jina. Katika mafunzo niliyohudhuria Mombasa, wenzangu wote walifupisha, wakisema "boti" badala ya roboti, nami nikaleta ulimi ule nyumbani. Chumbani jina lake likawa Boti. Nikaitungia na salamu ya kuandika kila inapoanza kazi, ili nijue imeamka salama: *Boti iko tayari.* Maneno matatu. Nilikaa Lamu, mji ambao kila kitu huja kwa boti, nikaandika maneno hayo na sikuona kitu. Ofisini tulikuwa wawili tu tuliojua ile ni mashini, na sote wawili ulimi wetu ulikuwa umezoea. Na kwa kuwa seva haikuzimika hata siku moja mchana tangu zahanati zote zilipounganishwa, hakuna muuguzi aliyewahi kuisoma salamu ile.

Siku hiyo umeme wa mji ulikatika saa nne asubuhi. Betri yetu ilikuwa imechoka, nami nilikuwa nimeahirisha kuibadilisha. Seva ikazimika. Umeme uliporudi baada ya dakika chache, seva ikawaka yenyewe, roboti ikafuata yenyewe. Nilifurahi. Nilimwita mwenzangu aje aone mtambo unaojiinua bila kuguswa, kisha nikaenda kuchemsha kahawa.

Nisilolijua wakati ule ni hili. Zahanati ya Mtangawanda, kule Pate ambako boti za abiria hutia nanga, ilikuwa na muuguzi mmoja, Rukia, msichana mwenye mkono mwepesi wa kazi na maneno machache. Asubuhi ile alikuwa na mama wa uzazi aliyeitwa Mwanaidi, mimba yake ya kwanza, naye alianza kutoka damu. Rukia aliandika: *Mama anatoka damu nyingi. Naomba boti ya wagonjwa sasa hivi.* Aliandika katika zile dakika ambazo seva ilikuwa imekufa. Programu ile ndogo humwonyesha mtu maneno yake mwenyewe papo hapo, yawe yamefika au hayakufika. Kwake yeye yalikuwa yamekwenda. Kwetu hayakufika, na IRC haihifadhi ujumbe wa kumpa mtu baadaye. Kilichopotea kimepotea.

Kisha kioo chake kikarudi chumbani chenyewe, na chini ya maneno yake likaja jibu: *Boti iko tayari.*

Rukia alifanya lile ambalo muuguzi yeyote mzuri angefanya. Alimtia Mwanaidi dripu, akaita wanaume wanne, wakambeba kwa kitanda mpaka gatini ili boti ikifika isichelewe hata dakika. Gatini palikuwa na boti ya abiria inayokaribia kuondoka kwenda Lamu. Nahodha wake alimuuliza kama anataka kumpakia mgonjwa. Rukia akatazama abiria walivyobanana, na mzigo, na jua, akamwambia, "Nenda, yetu iko tayari, inakuja." Nahodha akaondoka.

Alingoja gatini zaidi ya saa moja, anamshikia Mwanaidi mwavuli. Halafu akamwachia mama mkwe wa Mwanaidi ule mwavuli, akakimbia zahanati. Mazungumzo yaliyofuata nimeyaandika kwa mkono kwenye karatasi nikayatia ndani ya Msahafu wangu, lakini sihitaji karatasi.

*Bi Esha, boti iko wapi?*

Niliona swali lile nikatabasamu. Nilidhani Rukia ameanza kupenda mtambo.

*Iko, inafanya kazi vizuri,* nikaandika.

*Inafanya kazi lakini iko wapi? Sioni kitu.*

*Iko hapa mbele yangu. Umeme ulikatika ila imeamka yenyewe.*

Kisha:

*Bi Esha, mama anakufa.*

Nilisimama na kikombe kikaanguka. Mwenzangu anasema nilipiga kelele, mimi sikumbuki. Ninachokumbuka ni kusoma upya mistari yote kwa kurudi nyuma, kila mmoja ukigeuka maana mbele ya macho yangu, na ule wa juu kabisa, ulioandikwa na mashini kwa maneno yangu mimi.

Boti ya wagonjwa ilikuwa imefungwa pale pale mbele ya mji, mwendo wa dakika tano kwa miguu kutoka mezani kwangu. Nahodha Lali alikuwa amekaa ndani yake anarekebisha kamba. Asubuhi nzima alikuwa hapo. Nilimfikia nikiwa sina pumzi.

"Mtangawanda," nikamwambia. "Uzazi. Damu. Tangu saa nne."

Lali alitazama maji. Saa nne Mkanda, ule mfereji mwembamba wa nyuma ya kisiwa cha Manda unaokatisha njia ya kwenda Pate, ulikuwa na maji tele. Sasa ilikuwa inakaribia saa sita na maji yalikuwa yanatoka.

"Kwenda nitapita Mkanda," akasema. "Nikikwama nitashuka nisukume. Kurudi itabidi tuzunguke nje."

Daktari msaidizi, ambaye mwenzangu alikuwa amekimbia kumwita, akarukia ndani na sanduku lake, wakaondoka. Nikarudi mezani, nikamwandikia Rukia: *Lali ametoka sasa hivi. Ni mimi Esha, mtu, nimemwona kwa macho yangu.* Ni ujumbe wa kwanza katika mtambo ule ulioandikwa sawasawa.

Walifika Lamu baada ya adhuhuri, wameloa wote kwa mawimbi ya nje. Mwanaidi alipasuliwa. Mtoto alitolewa hana uhai, mwanamume. Mama alipona. Daktari alisema damu ilikuwa imeanza mapema, na huenda mtoto alikwisha kufa kabla hata Rukia hajaandika. Huenda. Hakuna aliyeniambia kwamba ni kwa sababu ya ile saa moja na zaidi, na hakuna aliyeniambia kwamba si kwa sababu hiyo.

Mkubwa wangu wa wakati ule alikuwa mtu mwema. Aliniita, akaniambia, "Bi Esha, ni kadari ya Mungu. Tengeneza mtambo, tuendelee." Kadari naiamini. Lakini maneno matatu yale niliyaandika mimi kwa vidole hivi.

Nilitengeneza mtambo. Haya yamo daftarini, ila hamkuambiwa kwa nini. Ndiyo maana roboti sasa inaitwa Karani. Ndiyo maana kila mstari wake unaanza kwa neno *Mashini*, na haiandiki kitu inapoamka. Ndiyo maana mtu akiomba boti, Karani inarudia maombi yake neno kwa neno mbele ya wote, na kila dakika mbili inaandika *Mashini: hajajibu mtu* mpaka nahodha mwenyewe aandike jina lake na saa anayotoka. Muuguzi akiona kimya kabisa, hata marudio hayakuja, anajua ujumbe haukufika. Mwenzenu mmoja ameniuliza kama anaweza kuondoa marudio yale kwa sababu yanajaza kioo. Hapana. Na betri inabadilishwa kabla haijachoka, si baada.

Mtambo ulipokuwa tayari nilijiona nimemaliza. Nilikaa miezi miwili hivyo. Kisha Lali, siku moja tukiwa tunapakia dawa, akaniambia kama mtu anayetoa habari za hali ya hewa, "Wanawake wa Mtangawanda hawendi tena kwa Rukia."

"Kwa nini?"

"Wasema ni mrongo. Aliwaambia boti yaja, na boti haikuwapo. Wapitao gatini wamwita Boti Iko Tayari."

Sikulala vizuri wiki ile. Nilikuwa nazungumza na Rukia kila siku chumbani, dawa, chanjo, hesabu ya wagonjwa, na idadi ya wagonjwa wake ilikuwa inapungua mbele ya macho yangu nami najiambia ni msimu. Yeye hakuniandikia hata mara moja kwamba anatukanwa kwa maneno yangu.

Nikapanda boti ya abiria nikaenda Mtangawanda. Sikumwambia Rukia. Niliulizia nyumba ya kina Mwanaidi, mwendo mfupi kutoka gatini, nikapiga hodi. Mama mkwe wake alinikaribisha, akaleta maji. Mwanaidi alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua mchele, msichana mdogo kuliko nilivyomfikiria. Palikuwa na majirani wawili watatu, nami nilitaka waondoke, kisha nikaona ni afadhali wabaki.

"Mimi ndiye Esha wa Lamu," nikasema. "Siku ile ulipokuwa gatini, Rukia hakusema uongo. Aliandika kuomba boti, akajibiwa kwamba boti iko tayari. Maneno yale yaliandikwa na mashini. Mashini niliitengeneza mimi, na maneno niliyatunga mimi. Yalikuwa na maana nyingine. Boti haikuitwa na mtu yeyote mpaka Rukia alipouliza mara ya pili."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Hakuna aliyenitukana. Mama mkwe ndiye aliyesema kwanza, pole pole: "Boti ile ya abiria, nahodha aliuliza mara mbili. Rukia akamwambia nenda. Mimi nilimwona kwa mato yangu akimwambia nenda."

"Alimwambia hivyo kwa sababu yangu," nikasema.

Mwanaidi aliendelea kuchambua mchele. Alitoa punje moja, akaitupa, akatoa nyingine. Kisha akauliza, "Ulikuwa wafanya nini wakati ule?"

Sikutegemea swali hilo. "Nilikuwa nakunywa kahawa," nikamwambia.

Akatikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu aliyekuwa anatafuta kitu kidogo na amekiona. "Mimi kila siku nauliza," akasema. "Nilikuwa nimelala pale, kitwa changu kiko pajani mwa mama huyu, najiuliza: Lamu huko wanafanya nini? Sasa najua."

Wanangu, nimepewa vyeti na nimepewa saa ya ukutani siku ya kustaafu. Jambo zito zaidi nililowahi kupewa katika kazi hii ni neno moja lililofuata, kwa kuwa Mwanaidi angeweza kusema la kuniumiza, hakulisema. Alisukuma uteo pembeni, akaomba buibui lake.

"Twende," akasema.

Tulikwenda watu watano: Mwanaidi, mama mkwe wake, majirani wawili, na mimi nyuma. Rukia alikuwa peke yake zahanatini, mabenchi matupu, anafuta vumbi kwenye kabati ambalo halikuwa na vumbi. Alipotuona alisimama wima. Alinitazama mimi kwanza, akaelewa kwamba nimesema.

"Mbona hukuwaambia?" nikamuuliza. "Ulijua ni mashini. Nilikuandikia siku ya pili yake."

"Ningewaambia nini, Bi Esha? Kwamba mashini imekosea? Wangesema itolewe. Na mimi bila mashini, akija mwingine anatoka damu, nitapunga kitambaa?" Alisema bila hasira. "Mtu akiitwa mrongo anaweza kuendelea na kazi."

Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni, hajaingia tangu siku ile. Akaingia. Akasema, "Rukia, nilikunena vibaya. Nilikunena kwa wengi. Nisamehe, na hawa nimewaleta wasikie."

Rukia akageuka, akavuta kiti, akachukua kipimo cha presha kilichokuwa mezani.

"Ulitakiwa kurudi kupimwa baada ya wiki sita," akasema. "Umechelewa. Kaa."

Mwanaidi akakaa, akakunja mkono wa buibui, akaulaza mkono wake juu ya meza. Majirani wawili wakajibanza kwenye benchi la kungojea, mmoja akaanza kueleza maumivu yake ya mgongo kabla hajaulizwa. Niliona sina kazi mle ndani. Nikaomba ngazi, nikapanda juu ya paa kukaza antena, kwa sababu ilikuwa imelegea.